Gunia la mkaa, ng'ombe na kisiki: ardhi ya Dodoma katika madaftari ya tabianchi

Ukitoka Dodoma mjini kwa barabara ya Iringa, muda mrefu kabla hujafika Mtera utaanza kuona magunia ya mkaa yamesimamishwa kando ya lami, midomo imezibwa kwa majani na kufungwa kamba. Chukua gunia moja tu. Likapakiwa kwenye fuso, likashushwa Majengo, likagawanywa kwa visado, likapika ugali na mlenda wa kaya moja kwa wiki kadhaa. Moshi wake unaandikwa wapi katika hesabu za gesijoto, zile gesi zinazoongeza joto duniani, ambazo serikali yetu hupeleka Umoja wa Mataifa?

Wengi watasema kwenye nishati, kwa sababu mkaa ni nishati. Sivyo ulivyo utaratibu. Hewaukaa (kaboni dayoksaidi) ya kuni na mkaa huhesabiwa pale mti ulipokatwa, kwenye daftari la misitu na ardhi. Daftari la nishati huandika methani na gesi ya oksidi ya nitrojeni zinazotoka jikoni, lakini hewaukaa yenyewe hutajwa pembeni tu bila kujumlishwa, ili isihesabiwe mara mbili. Ndiyo maana ukisikia kwamba sehemu kubwa ya gesijoto ya Tanzania inatokana na ardhi na misitu, ujue humo ndani mmejificha jiko lako. Na mama lishe wa Majengo akihamia kwenye gesi, nafuu yake inaonekana kwenye daftari la msitu wa mbali ambao hajawahi kuuona.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Tanuri la asili la udongo hutoa kati ya kilo 15 na 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Gunia la kilo 50 basi limekula kuni karibu kilo 300. Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Wataalamu hutumia asilimia 47. Hiyo ni kilo 141. Kaboni ikiungana na oksijeni ya hewani uzito wake huongezeka mara 3.67, kwa hiyo gunia moja ni kilo 517 za hewaukaa, nusu tani na kidogo. Msitu ukiachwa uchipue upya, deni hilo hulipwa taratibu na miti inayokua. Ukigeuzwa shamba la ufuta, deni linabaki.

Ninaanza na gunia kwa sababu ndani yake kuna mkanganyiko wote wa sera ya tabianchi kwenye ardhi. Jambo moja, linalofanywa na watu walewale mahali palepale, limegawanywa kwenye madaftari mbalimbali, na kila daftari lina wajumbe wake, wafadhili wake na lugha yake. Mkulima wa Chamwino analima, anafuga na anachoma mkaa mwaka wa njaa. Kwake hiyo ni ardhi moja. Kwenye meza za mazungumzo ni mafaili matatu.

Na uzito wake si mdogo. Jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, linakadiria kwamba kilimo, misitu na matumizi mengine ya ardhi vilitoa asilimia 22 ya gesijoto zote zilizosababishwa na binadamu mwaka 2019, na karibu nusu ya hizo ilitokana na ukataji wa misitu. Wakati huohuo mimea na udongo wa dunia hufyonza karibu theluthi moja ya hewaukaa tunayoitoa. Hakuna sekta nyingine yenye sura mbili namna hii. Kiwanda cha saruji hakifyonzi kitu.

Kwa nini msitu uliosimama haukuwa na bei

Mkataba mama wa tabianchi ulipitishwa mwaka 1992, mwaka wa mkutano wa Rio. Itifaki ya Kyoto ikafuata mwaka 1997, ikazibana nchi tajiri kupunguza gesijoto na kuziruhusu kununua sehemu ya punguzo hilo kutoka miradi ya nchi maskini. Swali likawa: je, miti iingie kwenye biashara hiyo? Jibu lililotolewa Marrakesh mwaka 2001 lilikuwa la ajabu kwa mtu wa kijijini. Kupanda miti kuliruhusiwa. Kulinda msitu uliopo hakukuruhusiwa.

Fikiria vijiji viwili jirani. Kimoja kimelinda msitu wake tangu enzi za mababu, wazee wakitoza faini ya mbuzi kwa anayekata hovyo. Kingine kilifyeka kila kitu kabla ya mwaka 1990, na sasa kinataka kupanda mikaratusi. Kwa kanuni za Kyoto ni hicho cha pili ndicho chenye kitu cha kuuza. Hata hapo, hati zake za kaboni, yaani vyeti vya punguzo vinavyouzwa, zilikuwa za muda: zikifika mwisho, mnunuzi alilazimika kuzibadilisha na nyingine. Soko la kaboni la Ulaya, lililoanza mwaka 2005, lilikataa kabisa hati za misitu, na soko la Ulaya ndilo lililokuwa kubwa.

Wajumbe walikuwa na sababu zao, na nyingine zilikuwa za haki. Waliogopa kwamba hati za bei chee kutoka misituni zingewapa wenye viwanda kisingizio cha kuendelea kuchoma makaa ya mawe. Waliuliza pia maswali ambayo mpaka leo ndiyo kiini cha ubishi. Utajuaje kwamba msitu huu ungekatwa kweli kama usingelipwa? Ukiulinda hapa, wakataji hawatahamia pale? Na moto au serikali mpya ikija baada ya miaka 15, ile kaboni iliyokwisha kuuzwa itakuwa imekwenda wapi?

Hilo la kuhamia pale lina jina lake katika lugha ya wataalamu: uvujaji. Sisi wa Dodoma tuliuona kabla haujapewa jina.

Kondoa ilivyotufundisha

Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Sehemu iliyoumia zaidi ilikuwa nyanda za juu za Kondoa, zaidi ya kilomita za mraba 1,200, ambako makorongo yalikuwa yamekula mashamba na mchanga umefukia mabonde. Walijenga matuta ya kontua, wakapanda miti na mkonge, lakini mifugo ilizidi kukanyaga na kula kila kilichochipua. Mwaka 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke. Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda wakatolewa eneo lile.

Ardhi ilijibu. Anayepita leo kuelekea Kolo kuangalia michoro ya mapangoni akitazama vilima vyenye vichaka ataona mahali palipokuwa wekundu mtupu. Ningesema bila kusita kwamba ni moja ya kazi kubwa za kurejesha ardhi zilizowahi kufanyika nchini. Lakini ng'ombe wale hawakuyeyuka. Walikwenda tambarare za jirani, kwa ndugu na marafiki, na baadhi ya wenye mali walihama nao moja kwa moja. Mzigo uliotoka mgongoni mwa Kondoa ulitua kwenye migongo mingine. Angekuwepo mkaguzi wa kaboni mwaka ule, angepima ndani ya mpaka wa mradi tu na kuandika ushindi mtupu.

Kuna funzo la pili ambalo halisemwi sana. Kufikia mwaka 1989 ng'ombe walianza kurudishwa, safari hii wachache, wa maziwa, wa kufungiwa zizini na kukatiwa majani. Watu hawakuweza kuishi na ardhi nzuri isiyo na maziwa wala samadi. Anayechora mpango wa misitu bila kuuliza ng'ombe watakula wapi anachora mpango wa miaka kumi tu, hata kama ameandika mia.

Nchi za misitu zilipodai zamu yao

Mwaka 2005, katika mkutano wa Montreal, Papua New Guinea na Costa Rica zilisimama kudai kwamba anayepunguza ukataji naye alipwe. Wazo likapokelewa Bali mwaka 2007, likawekewa masharti ya kulinda haki za wenyeji Cancun mwaka 2010, likakamilishiwa kanuni Warsaw mwaka 2013, na mwishowe likaingia kwenye ibara ya 5 ya Mkataba wa Paris wa mwaka 2015. Kwetu liliitwa MKUHUMI, kupunguza uzalishaji wa hewaukaa utokanao na ukataji miti na uharibifu wa misitu. Norway iliahidi Tanzania kroni milioni 500 mwaka 2008, na miradi ya majaribio ikafunguliwa sehemu mbalimbali. Mmoja ulikuwa palepale Kondoa, kwenye misitu ya Salanga na Isabe ya vilima vya Kolo, inayotunza vyanzo vya maji ya vijiji vya chini.

Majaribio yalizaa vitu vya maana: mipango ya matumizi bora ya ardhi, misitu ya vijiji yenye mipaka, kituo cha taifa cha kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, na watu waliojua kupima mti kwa utepe kwenye kimo cha kifua, mita 1.3 kutoka ardhini. Tanzania ikaweza kuwasilisha hesabu yake rasmi, kwamba kati ya 2002 na 2013 Bara ilikuwa ikipoteza takriban hekta 469,000 za misitu kila mwaka. Kilichochelewa ni malipo ya kudumu. Katika vijiji vingi vya majaribio watu walifundishwa kusubiri fedha, mradi ukaisha, nao wakabaki wanasubiri.

Kilichokuja baadaye ni soko la hiari, ambako kampuni hununua hati kwa utashi wake. Mfano unaotajwa sana ni wa Wahadzabe wa bonde la Yaeda, Mbulu. Unapotajwa, sehemu moja husahaulika: Wahadzabe walipata kwanza hati miliki ya kimila ya ardhi yao, ya jamii nzima, mwaka 2011. Kaboni ilikuja juu ya haki iliyokwisha kuandikwa. Vijiji vinavyopewa mkataba wa kaboni kabla ya kuwa na mpango wa matumizi ya ardhi vinauza kitu ambacho mpaka wake haujulikani.

Kilimo, faili ambalo halikutaka kufunguliwa

Misitu ilichukua miaka 15 kupata mlango. Kilimo kilichukua zaidi, ingawa mkataba wa 1992 wenyewe, katika ibara ya 2, unataja kwamba uzalishaji wa chakula usihatarishwe. Nchi zinazoendelea ziliogopa kwamba ukishaitaja mezani methani, gesijoto ambayo ng'ombe huitoa akicheua, kesho atadaiwa mfugaji mwenye ng'ombe saba badala ya anayelisha maelfu kwa nafaka. Zikasema: kwetu kilimo ni kuhimili ukame kwanza. Durban mwaka 2011 ndipo suala likapewa kwa wataalamu kujadili. Mwaka 2017, Bonn, chini ya uenyekiti wa Fiji, likapata mpango wake wa kwanza rasmi, ukaitwa Koronivia. Mwaka 2022 mkutano wa Sharm el-Sheikh, Misri, ukauongezea miaka minne.

Hofu ile ilikuwa na msingi, na inaonekana vizuri ukimhesabu ng'ombe mmoja wa Kigogo. Katika miongozo ya IPCC ya mwaka 2006, ng'ombe wa Afrika asiye wa maziwa anapewa kilo 31 za methani kwa mwaka. Methani kilo moja huhesabiwa kama kilo 28 za hewaukaa kwa kipindi cha miaka 100. Zidisha: kilo 868. Ng'ombe mmoja kwa mwaka ni chini kidogo ya magunia mawili ya mkaa.

Sasa angalia zile kilo 31. Hakuna aliyempima huyo ng'ombe. Ni namba ya kwenye jedwali. Mfugaji wa Bahi akihifadhi majani makavu ya mtama kwa ajili ya Septemba, akatibu ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, mapema, ng'ombe wake akafika sokoni akiwa na miaka minne badala ya saba, nyama itapatikana kwa methani kidogo zaidi. Lakini kwa mwaka uleule jedwali litaandika kilo 31 vilevile. Kwa namba isiyobadilika, njia pekee ya kuonyesha punguzo ni kupunguza vichwa. Hapo ndipo sayansi ya makisio inageuka sera bila mtu kuipigia kura. Nchi inaruhusiwa kutumia namba zake ikiwa imezipima, na kwa maoni yangu fedha ya kupima ng'ombe wetu ina faida kuliko semina kumi za uhamasishaji.

Mti ulioko shambani

Kuna mama mmoja kule Chamwino, jirani wa shangazi yangu, nilimkuta akichana khanga kuukuu vipande vyembamba kama utambi. Shamba lake lilikuwa la mtama uliokwisha kuvunwa, na katikati ya mabua kulikuwa na visiki vya migunga vilivyokatwa miaka mingi. Kila kisiki kilikuwa na vichipukizi 20 au 30, vimesongamana kama nywele zisizochanwa. Alichagua vitatu vilivyonyooka, akavikata vingine kwa kisu cha kuelekea juu ili maganda yasichanike, akapogoa matawi ya chini, kisha akafunga kipande cha khanga kwenye kile kikubwa. Kitambaa ni cha kumwambia mchungaji: huu una mwenyewe.

Hii ndiyo Kisiki Hai, inayoenezwa mkoani tangu mwaka 2018 na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit ya Uholanzi. Njia yenyewe ilipata umaarufu Niger miaka ya 1980 kupitia Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyechoka kuona miche yake ikikauka akagundua kwamba chini ya mchanga kuna msitu mzima wa mizizi iliyo hai. Kwa mkoa unaopata mvua ya milimita 500 hadi 600, karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, tofauti ni kubwa. Mche wa kitalu unaomba maji mwezi Agosti. Kisiki kina mzizi uliokwisha kuyafikia.

Nikamweleza mama yule habari za kaboni. Akasikiliza, akauliza, "Mwanangu, hiyo hewa wanaipima mtama ukiwa shambani au ukishavunwa?"

Swali lake lina uzito kuliko alivyodhani, kwa sababu mti wake hauna mahali katika madaftari. Kwa tafsiri ya Tanzania, msitu ni eneo lisilopungua nusu hekta, lenye kivuli cha miti cha angalau asilimia 10 na miti ya kufikia mita 3. Eneo linalolimwa ni shamba hata likiwa na migunga. Kwa hiyo mti wake hauingii kwenye hesabu ya MKUHUMI, inayoangalia upotevu wa misitu. Daftari la kilimo nalo linaangalia mifugo, mbolea na mpunga. Miongozo ya IPCC ina nafasi ya kuandika miti ya mashambani, lakini inataka vipimo, na vipimo vya namna hiyo ni haba. Anayefanya kazi inayounganisha madaftari yote, kuni kwa jiko, majani kwa mbuzi, kivuli kwa udongo, ndiye anayeanguka katikati yao.

Soko nalo halitamkimbilia. Mgunga wa Dodoma hukua polepole, na hekta ya nchi kavu hubeba kaboni kidogo sana ukilinganisha na misitu ya mvua ya Udzungwa. Ukigawa mapato kwa kaya, ukatoa gharama za wakaguzi, kinachobaki kinaweza kisifike bei ya debe la mahindi. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu nimeona vijana wakiahidi vijiji vyetu utajiri wa kaboni kwa lugha ileile ya matumaini. Kongwa wanaijua lugha hiyo: mwaka 1947 wakubwa wa London walileta matrekta kufyeka pori walime karanga, na kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umekufa, mvua haikusoma mahesabu yao na udongo umekuwa mgumu kama sakafu.

Faida ya kisiki cha mama yule iko kwenye mtama wake. Fedha inayomfaa ni ile ya kuhimili ukame, ambayo mikataba inaiweka kwenye faili jingine kabisa, mbali na ya kupunguza gesijoto. Kaboni ikipatikana juu yake, iwe nyongeza.

Kampuni ikija kijijini, tangu mwaka 2022 tuna kanuni za taifa za biashara ya kaboni, na mkataba unaogusa ardhi ya kijiji unapaswa kupita kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Ningeomba mkutano huo uulize kwanza mkataba ni wa miaka mingapi, kwa sababu mingine huwafunga watoto ambao hawajazaliwa. Uulize nani atabeba hasara msitu ukiungua. Na uulize lile la Kondoa: ng'ombe watakwenda wapi. Asiyekuwa na jibu la hilo la mwisho hajafika shambani.

Kazi ya miaka minne iliyoanzishwa Sharm el-Sheikh inatakiwa kutoa taarifa kwenye mkutano wa 31 wa nchi wanachama wa mkataba wa tabianchi, mwaka 2026. Tanzania ina sauti kule, ina mifugo zaidi ya milioni 30 kwa ng'ombe peke yake, na ina misitu inayofunika zaidi ya nusu ya Bara. Ningependa wajumbe wetu wabebe ombi moja dogo la kiufundi, la fedha za kupima mti uliosimama katikati ya mtama, ili uwe na mstari wake katika daftari. Mama wa Chamwino atakuwa na jibu la swali lake: wanaupima mtama ukishavunwa, Juni, wakati majani ya mgunga bado yapo na mtu anaweza kupita na utepe bila kukanyaga chakula.